Arudiye Kwao Asikalishwe Kiti cha Mgeni

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaijua sote, na aghalabu twaielekeza kwa mgeni mvivu aliyenogewa na wali wa watu hata akasahau njia ya kwao. Lakini sijapata kumsikia mtu akiielekeza kwa mwana wa nyumba aliyerudi kutoka ng'ambo, ilhali yeye ndiye anayelihitaji jembe hilo kuliko mgeni mwingine yeyote. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Mimi ni mzaliwa wa Isiolo, mtaa wa Bula Pesa. Mwaka 2005 nilikwenda Dubai kufanya kazi ya ukarani wa bohari, nikakaa huko miaka 14, na mwaka 2019 nikafunga mizigo nikarudi kukaa. Katika muda wote huo nilikuja likizo mara mbili tu, mwaka 2008 na mwaka 2012, kila mara mwezi mmoja. Likizo ni jambo jingine kabisa. Mtu wa likizo hupikiwa, hutembezwa, hupigwa picha, na kabla hajachokwa huwa amekwisha kuondoka. Kurudi kukaa ndiko kunakompima mtu, na ndiko kunakowapima jamaa zake.

Wasomaji wa pwani, jambo hili si geni kwenu. Ni nadra kupata nyumba katika Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, au Ng'ambo ya Unguja, isiyokuwa na mtu wake Maskati, Dubai au Jedda. Masanduku ya wanaorudi mwayajua, na manukato yao mwayajua. Huenda msichokijua ni kwamba huku bara, kaskazini ya Mlima Kenya, wako Waislamu wenzenu ambao kilio chao ni hicho hicho.

MJI ULIOZALIWA NA SAFARI

Isiolo iko yapata kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, mahali milima inapokwisha na nyika inapoanza. Ukisimama sokoni utamsikia mwenye duka akisema Kisomali, mteja wake Kiborana, mpagazi Kiturukana na mwuza miraa Kimeru, na wakitaka kupatana bei wote hukimbilia Kiswahili. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti nzima ya Isiolo ilikuwa na watu 268,002, na eneo lake ni kubwa hata mtu aweza kwenda siku nzima akiona ngamia kuliko anavyoona watu.

Mji huu ulizaliwa na safari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyokwisha mwaka 1918, Wasomali waliokuwa askari wa Mwingereza walipewa makao hapa, na wengi hawakurudi tena walikotoka. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwasogeza Waborana kutoka upande wa Wajir wakaja kukaa kando ya mto Ewaso Ng'iro, ndipo wakaitwa Waborana wa Waso. Vita vya pili vilipozuka, vijana wa Afrika Mashariki walichukuliwa katika jeshi la King's African Rifles hadi Burma, na waliosalimika huko mwaka 1944 na 1945 walirudi makwao wakiwa watu wengine.

Kisha likaja janga ambalo wazee wetu hawalitaji bila kushusha sauti. Mwaka 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dida. Vita vya shifta vikawaka hadi mwaka 1967, Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katika miaka hiyo watu wa Garba Tula, Merti na kwingineko walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo yao ikateketea, ngamia na ng'ombe. Waborana huuita wakati ule gaafa daaba, yaani wakati wa kuzuiwa. Wako waliovuka mpaka wakaenda Somalia, wakarudi baada ya miaka wakiwa mikono mitupu.

Nimeyakumbusha haya kwa sababu moja. Watu wa Isiolo waliwapokea waliorudi zamani kabla ya kuwapo ndege za Dubai, na walikuwa na njia yao ya kuwapokea. Waborana wana ada iitwayo busa gonofa: mtu aliyefilisiwa na ukame au vita hukusanyiwa wanyama na ukoo wake, huyu mbuzi, yule mtamba, ili aanze tena. Tazameni hekima iliyomo. Mtu huyo hakuletewa sahani ya nyama akaambiwa apumzike. Alipewa wanyama walio hai, wenye kuhitaji maji na malisho, na kesho yake alfajiri ilimbidi aamke awachunge. Alipewa kazi, na kwa kazi hiyo akarudishiwa jina lake miongoni mwa watu.

NILIYOYAKUTA

Nilipoondoka mwaka 2005, lami kutoka Nairobi ilikuwa inakomea Isiolo. Mbele ya mji palikuwa na kizuizi cha polisi, na magari ya kwenda Marsabit na Moyale yaliandamana kwa msafara yakisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Abiria walikaa juu ya malori, juu ya magunia au juu ya ng'ombe, vumbi likiwapaka hadi kope. Aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi aliaga kwa kusema, "Ninakwenda Kenya," kana kwamba hapa tulipo pana jina jingine.

Niliporudi, lami ilikuwa imekwisha kufika Moyale, zaidi ya kilomita 500 kutoka mjini kwetu. Kiwanja cha ndege kipya kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2017. Tangu mwaka 2013 tulikuwa na gavana wetu na bunge letu dogo, na viwanja vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei ya mbuzi wachache sasa vilikuwa vikigombaniwa mahakamani. Fedha zilikuwa zinakwenda kwa simu; M-Pesa ilianza mwaka 2007, miaka miwili baada ya mimi kuondoka. Akina mama wa maziwa ya ngamia walikuwa wakipakia madumu yao kwenye magari ya kwenda Eastleigh, na kabla ya adhuhuri wamekwisha kujua kwa simu yameuzwa kiasi gani.

Mabadiliko hayo hayakunisumbua. Mtu huzoea lami upesi. Na isitoshe, nilikuwa nimetoka katika mji ambao treni yake ya umeme niliiona ikifunguliwa mwaka 2009, na mnara wake mrefu kuliko yote duniani niliuona ukimalizwa na kufunguliwa mwaka 2010. Kilichonisumbua kilikuwa ndani ya mwili wangu mwenyewe, katika masikio, katika miguu na katika ulimi.

Chukueni mfano wa salamu. Waborana hatuishi kuulizana nagaa, yaani amani: amani ya watu, amani ya mifugo, amani ya malisho, amani ya huko utokako. Salamu hiyo ikitimizwa kama ipasavyo, uji hupoa. Huko nilikokuwa, bohari lilifunguliwa saa moja kamili asubuhi na mtu aliyechelewa alikatwa mshahara. Basi masikio yangu yalikuwa yamefundishwa kusikia neno la kwanza tu. Nilijibu "salama" nikaendelea na njia, na mzee aliyenisalimu akabaki amesimama na nusu ya salamu mkononi.

Mfano wa pili ni faragha. Chumba chetu huko kilikuwa na vitanda vinane vya ghorofa, na katika wanaume wale wanane hapana aliyejua mwenzake ana watoto wangapi. Nilipofika nyumbani, wiki ya kwanza nikaulizwa nimeleta kiasi gani, nina ugonjwa gani, na mbona sijaoa mke wa pili. Walioniuliza hawakuwa na ubaya wowote. Kwetu, asiyeulizwa ni mtu asiye na watu. Walakini nilijihisi kama nimevuliwa nguo hadharani.

Mfano wa tatu ni ulimi. Kila nikifungua kinywa maneno ya Deira hutangulia: yalla, khalas, mafi mushkila. Watoto wa mtaa wakanibandika jina la "Khalas". Na binti yangu, niliyemwacha akinyonya, alikuwa na miaka 14, anasema Kiswahili cha vijana ambacho nusu yake sikuielewa. Akaniita "baba" kwa adabu ile ile ambayo mtoto humwitia mwalimu wake.

HESHIMA INAYOMFUNGA MTU

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Kwa miezi miwili nilikalishwa kiti cha mgeni. Kikombe changu kilikuwa kile cha kabatini. Nilipotaka kubeba dumu la maji, mpwa wangu alininyang'anya. Nilipotaka kwenda mnadani na ndugu yangu, niliambiwa jua kali. Wazee wa ukoo walipokutana kuzungumza juu ya kisima kilichobomoka na juu ya posa ya binti wa ami yangu, nililetewa chai na nyirinyiri, zile nyama zilizokatwa vipande vidogo, zikakaangwa na kuhifadhiwa katika samli, kisha sauti ikasema, "Mwacheni apumzike, ametoka mbali."

Na wakati huo huo mikono ilikuwa ikija. Karo, dawa, nauli, mahari. Waombaji wote walikuwa wangu, na haja zao zote zilikuwa za kweli. Lakini nikaona jambo moja lililonikosesha usingizi: naombwa na watu wote, wala siulizwi shauri na mtu yeyote. Hivyo ndivyo mgeni tajiri anavyofanyiwa. Mgeni huheshimiwa na huombwa. Mwenyeji huulizwa, "Waonaje?"

Msidhani hili ni la nyumba yetu pekee. Fedha zinazoletwa Kenya na watu walioko nje zilipita dola bilioni 4 katika mwaka 2023. Ni fedha nyingi, na zimesomesha na kutibu wengi. Lakini mtu anayeonekana kwa fedha kila mwezi na haonekani kwa uso mwaka baada ya mwaka, mwisho huwa ni fedha yenye jina. Akirudi, watu huona fedha imesimama mlangoni, na hawajui pa kuiweka.

SIMU HAISEMI YOTE

Jambo jingine lililo zito ni lile linalofichwa. Tangu mwaka 2007 nilikuwa nikituma fedha za kununua mifugo, maana nia yangu ilikuwa nirudi niwe mfugaji kama baba. Kwa hesabu niliyoiandika katika daftari langu, nilipaswa kuwa na mbuzi 60 na ng'ombe 14, bila ya kuhesabu waliozaliwa. Kila nikipiga simu niliambiwa, "Mifugo wazima, alhamdulillahi." Niliporudi nilionyeshwa mbuzi tisa.

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa kaskazini yote, na mwaka 2017 ukaja mwingine. Ng'ombe walikwenda katika ule wa kwanza. Katikati, mwaka 2014, baba aliugua, akalazwa, akafariki, na mbuzi waliobaki wakauzwa mmoja mmoja kwa ajili ya dawa na karo. Ndugu yangu hakula hata senti. Alinyamaza tu, na wote nyumbani wakanyamaza, wakisema mtu aliye mbali asitiwe simanzi asiyoweza kuitibu.

Nasi tulioko huko, je? Uchumi wa Dubai ulipoanguka mwaka 2009, wengi katika vyumba vyetu walikaa miezi kwa nusu mshahara, wengine bila mshahara, na kila Ijumaa jioni walipiga simu makwao wakasema kazi nzuri, chakula kizuri. Upande huu unaficha kwa huruma, na upande ule unaficha kwa huruma. Siku ya kuonana, watu wawili wanaopendana husimama uso kwa uso, kila mmoja akimtafuta mtu wa kwenye simu, na mtu huyo hayupo.

WALIOTUTANGULIA

Jambo hili ni la kale. Ibn Batuta, ambaye sisi wa Afrika Mashariki twamkumbuka kwa kuzuru Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331, aliondoka kwao Tanja mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21 kwenda kuhiji. Aliporejea Maghribi mwaka 1349 ilikuwa imepita karibu robo ya karne. Alipopita Dameski, mwaka mmoja kabla, ndipo alipopata habari kwamba baba yake alikufa miaka 15 nyuma. Na alipokaribia nyumbani akaambiwa kuwa mama yake amechukuliwa na tauni iliyokuwa ikiua watu wakati ule. Mtu aliyekuwa kadhi Delhi na Maldivi alifika kwao akakuta hana wa kumpikia. Hakukaa sana: akaenda Andalusia, kisha akavuka jangwa hadi Mali, ndipo sultani akamtaka atulie asimulie safari zake ziandikwe. Mimi husema alipewa jembe lake, nalo lilikuwa kusimulia.

Wataalamu wa zama zetu nao wamelitazama. Mwaka 1945, askari walipokuwa wakirudi kutoka vitani, Alfred Schuetz, mwanazuoni wa Vienna aliyekuwa amekimbilia Marekani, aliandika makala juu ya mtu anayerudi nyumbani. Alieleza kuwa anayekwenda ugenini anajua kwamba atakuta mambo mageni, kwa hiyo hujiandaa. Lakini anayerudi hutazamia kukuta kila kitu kama alivyokiacha, na hapo ndipo anapojikwaa. Mwaka 1963 mtu na mkewe, John na Jeanne Gullahorn, walionyesha kuwa moyo wa msafiri hupanda na kushuka mara mbili, mara moja ugenini na mara ya pili akisharudi kwao, hata wakaufananisha mwendo huo na herufi W.

Maneno yao ni ya kweli, na humfariji mtu kujua kwamba hajarogwa. Lakini yamsaidie nini mama wa Bula Pesa ambaye mwanawe amerudi na hali chakula? Kwa hilo nadhani wahenga wetu walikwenda mbele zaidi, kwa kuwa wao walitaja na dawa.

SIKU NILIPOSHIKA JEMBE

Mwezi wa Disemba mwaka 2019 alifariki jirani yetu, mzee aliyekuwa akiadhini katika msikiti wa mtaani. Baada ya swala ya alfajiri wanaume wakaenda makaburini. Ardhi ya kwetu ni ngumu; huanza kwa sururu, kisha jembe, kisha sepetu. Tulikuwa watu kama 20 tukipokezana. Ami yangu alikuwa shimoni, jasho likimtiririka ndevuni. Akainua macho akaniona nimesimama pembeni na kanzu yangu nyeupe ya Dubai. Akaninyoshea jembe akasema, "Ingia, mwanangu, nimechoka."

Hakusema zaidi ya hayo. Nikaikunja kanzu nikaingia. Nikalima hadi mikono ikatoka malengelenge, tukachonga mwanandani, tukamlaza mzee wetu, tukamfukia. Katika kazi ile hapana aliyeniita mtu wa Dubai. Niliambiwa "sogea", "ongeza", "si hivyo, chimba upande huu". Nilikuwa sijasemeshwa hivyo tangu nirudi.

Wala si kwamba jembe lile lilikuwa na uganga. Ila wiki ile ile wazee wa msikiti wakaniuliza, kwa kuwa nimekuwa karani, kama naweza kushika daftari la mfuko wa mazishi, ambalo marehemu ndiye aliyekuwa akilitunza. Mwaka 2020 nzige walipoingia wilayani, kisha korona ikafunga masoko ya mifugo, daftari hilo likawa pia la mahindi na mafuta yaliyogawiwa nyumba zenye shida. Nikaanza kuzijua nyumba kwa majina yake na mahitaji yake. Ukame ule wa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, ulinikuta ni mmoja wa wanaoulizwa, "Tufanyeje?"

Na ndipo, usiku mmoja, ndugu yangu alipokuja akakaa juu ya mkeka, akanieleza habari za mbuzi mmoja baada ya mmoja: huyu aliuzwa mwezi gani, kwa shilingi ngapi, na kwa haja ipi. Alizikumbuka zote. Hesabu ilitoka sawa kuliko ya bohari. Nami nikamweleza ya mwaka 2009. Yale ambayo simu iliyaficha kwa miaka 12 yalisemwa kwa muda wa birika moja la chai, kwa sababu sasa tulikuwa wenyeji wawili.

ADA TULIZOFUNDISHWA

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema safari ni sehemu ya adhabu, inamnyima mtu chakula chake na usingizi wake, na mtu akishamaliza haja yake na afanye haraka arudi kwa watu wake. Imepokewa pia kuwa alikataza mtu aliyekaa mbali muda mrefu asiwabishie watu wake ghafla usiku. Na yeye mwenyewe akirejea safarini alikuwa akianzia msikitini, akaswali rakaa mbili, kisha akakaa na watu.

Mimi si shekhe, na tafsiri naiachia wenye elimu. Lakini katika ada hizo naona mafundisho kwa kila upande.

Kwa anayerudi: toa habari mapema, na habari yenyewe iwe ya kweli. Sema unarudi na kiasi gani na hurudi na nini. Ukifika, anzia msikitini na baraza ya watu, kabla ya kufungua masanduku. Usiyapime ya nyumbani kwa ratili ya Dubai, wala usiharakishe kuonyesha yaliyoharibika. Kaa kwanza ujue yalivyosimama hata leo bila yako.

Kwa walioko huko bado: pamoja na fedha, ombeni kuulizwa shauri. Mtoto akitaka kubadilisha madrasa, aseme nawe. Ukuta ukianguka, uambiwe. Ni afadhali kukosa usingizi usiku mmoja kule Sharja kuliko kurudi ukawa mgeni kwa mwanao.

Na kwa wenye nyumba, ambao ndio hasa nawaandikia: mpokeeni kwa furaha, mchinjieni, msomeeni dua, mpeni kikombe cha kabatini siku ya kwanza na ya pili. Msimfiche waliokufa, wala waliouzwa. Msimgeuze mti wa matunda ambao kila apitaye hutupa jiwe. Ikiwa amerudi bila kitu, msimwulize kwa macho. Wako waliorudi na afya zao tu, na hiyo nayo ni mali. Mwenye mifugo amkumbuke kwa mbuzi mmoja, kama ukoo wetu ulivyokuwa ukifanya kwa aliyetoka kwenye ukame.

Kisha, siku ya tatu, mtumeni. Mtumeni dukani, mtumeni kisimani, mwambieni aende akampokee mgonjwa hospitali, mwekeni katika kikao cha posa na mumwulize, "Waonaje?" Akijibu kwa maneno ya Deira, mchekeni kidogo, kisha mngojeeni amalize. Huenda akafikiri mmemvunjia heshima. Asubuhi atakapoamka mapema kwa sababu kuna anayemngojea, atajua amefika.